Vumbi la Chumba cha Baba

Tarehe 4 Februari. Asubuhi mawingu mazito, upepo kidogo, mvua hakuna.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama na kifua kimetulia. Mimi ni mzima, ukiacha mgongo, ambao ni ugonjwa wa kila anayeinamia meza ya ufundi tangu saa mbili asubuhi.

Barua yako nimeipata jana kwa dereva wa basi la vifurushi. Unasema kompyuta inajizima yenyewe: unachapa kurasa mbili, skrini inakuwa nyeusi, kimya. Usihuzunike, haijafa. Hilo ni joto. Ndani yake kuna prosesa, kijipande chembamba kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, ndicho kinachofikiri, na kikifikiri kinachemka. Juu yake limekaa pande la alumini lenye mapezi membamba, na juu ya pande hilo kuna feni. Alumini inanyonya joto, feni inalipuliza, hewa ya moto inatokea nyuma ya kasha. Njia hiyo ikiziba, mashine inajizima ili isiungue. Ina akili kuliko watu wengi ninaowafahamu.

Naomba uniambie mambo matatu. Feni zinazunguka? Nyuma inatoka hewa? Na kompyuta umeiweka wapi?

Daktari alisema wiki sita bila moshi kabla ya kupasuliwa tarehe 14 Aprili. Najua wewe uliacha sigara tangu Mwaka Mpya, kwa hiyo una akiba ya siku. Nakukumbusha kwa sababu sijasahau alivyosema, kwamba mtu mwenye pafu lililojaa moshi akilazwa kwa dawa ya usingizi, anaweza asiamke.

Na kwa nini hupokei simu?

Mimi mwanao.

*

Tarehe 8 Februari

Binti yangu, mama yangu mdogo,

Marahaba. Mimi sijambo, kivimbe changu kipo palepale pafuni, hakidai chochote. Nimesoma barua yako kuanzia mawingu mpaka mwisho. Hivi siku ukiposwa nayo utaanza kwa kuwaambia wakwe kama kuna mvua?

Simu yangu imekufa spika. Na tena simu ni chombo cha kutangazia misiba, watu wanaoheshimiana huandikiana.

Majibu ya maswali yako, kwa mpangilio kama ulivyozoea. Moja: feni zinazunguka zote, ya mbele na ya juu ya lile pande. Ile ya mbele ina nguvu ajabu. Nikiweka kikombe karibu, inavuta mvuke wote wa chai, unapita ndani na kutokea nyuma. Mbili: siku hizi nyuma hewa ni haba, kama pumzi ya mgonjwa. Tatu: nimeitoa mezani. Iko juu ya kigoda kando ya kitanda, mgongo umeelekea dirishani, uso unanitazama.

Nilifungua ubavu nikaligusa pande lenyewe. Limeniunguza kidole gumba. Linafanana na kitana cha marehemu mama yako, kile cha meno ya karibu karibu. Nitaliita kitana, hilo jina lako la pande la alumini ni refu kwa mtu mwenye kidole kibovu.

Fanya haraka. Nina maombi ya majirani watatu hayajachapwa, na mmoja ananipitia kila asubuhi kama mdai.

Baba yako.

*

Tarehe 10 Februari. Asubuhi jua kali, hakuna hata wingu.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa kidole. Kipake mafuta, usikifunge.

Fanya hivi. Washa mashine dakika tano ili ile pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na kitana ilainike. Zima, chomoa waya ukutani, subiri kitana kipoe kiasi cha kushikika. Chomoa kiwaya cha feni. Kuna vigingi vinne vya plastiki. Vizungushe kwa bisibisi bapa, kila kimoja robo, kisha vuta juu polepole huku unatikisa kushoto na kulia. Fungua na feni ya mbele, ina skrubu nne. Vyote viwili vitie kwenye kopo la maziwa, mpe dereva. Na tafadhali, usiwashe mashine bila kitana, hata kwa dakika moja.

Nitavisafisha na kuvirudisha kabla wiki haijaisha.

Mimi mwanao.

*

Tarehe 13 Februari

Binti yangu,

Salamu. Kopo hilo. Nimefunga gazeti mara tatu kwa sababu kitana kina vumbi kidogo. Usishangae, barabara yetu unaijua.

Baba.

*

Tarehe 16 Februari. Asubuhi ukungu, baadaye jua. Usiku wa kuamkia leo sikulala.

Baba,

Shikamoo.

Nilifungua kopo lako jana saa nne, kwenye meza yangu, mbele ya watu. Gazeti la kwanza lilikuwa kavu. La pili lilikuwa na madoa. La tatu lilikuwa limenata, nikalichana vipande vipande kama ninavyotoa bandeji kwenye kidonda. Harufu ilitoka kabla sijaona kitu. Jirani yangu, fundi wa meza ya simu, aliinua kichwa.

"We dada, umeleta mzoga kazini?"

"Ni kitana cha baba."

"Basi baba yako anachana nywele za shetani. Toa nje!"

Nilitoka nacho nje. Nimefungua kompyuta za watu miaka kumi na moja, Baba. Ya mwoka mikate ina unga. Ya saluni ina nywele, ya seremala ina unga wa mbao. Nimewahi kukuta panya aliyekauka na watoto wake wanne, na mchana nikala vizuri tu. Jana sikula.

Kati ya mapezi hakukuwa na nafasi ya kupitisha hata sindano. Kulikuwa na ute wa kahawia, mzito kama asali iliyooza, na ndani ya ute huo vumbi, manyoya ya paka, miguu ya mende bila mende. Nilichokoa kwa bisibisi. Ukavutika kama kamasi. Uliganda chini ya kucha zangu. Nimenawa kwa sabuni, kwa ndimu, kwa spiriti, na bado ninapoandika hivi vidole vinanuka tumbaku.

Usiniambie ni vumbi la barabara. Vumbi la barabara ni jekundu, kavu, ukilipuliza linaruka. Na usiniambie ni moshi wa wageni. Moshi wa chumbani hutanda sawasawa kila upande. Feni yako ya mbele ina doa nene upande mmoja tu, chini kushoto, kwenye fremu isiyozunguka, duara kama mdomo wa kikombe. Huo moshi umepulizwa, kila siku, kutoka mahali palepale, na mtu aliyekaa karibu. Mtu anayejua kwamba feni hiyo inavuta hata mvuke wa chai, na kwamba mgongo wa mashine uko dirishani.

Umeigeuza kompyuta kuwa bomba la moshi ili majirani wasinuse, na spika ya simu yako haijafa. Hutaki nikusikie ukikohoa.

Nimechefuka, Baba. Nimechefuka na ule ute, na zaidi nimechefuka kwamba kila mwisho wa wiki nimekuwa nikiandika kwenye shajara yangu, "Baba anaendelea vizuri, hajavuta."

Feni nimezifuta mimi, kwa sababu haziogeshwi. Kitana nimekisafisha nusu. Angalia: upande wa kulia unang'aa. Upande wa kushoto nimeuacha ulivyokuja. Nenda ukausugue mwenyewe, kwa mswaki, sabuni na maji moto. Ukaushe juani siku nzima. Pesti nimetia kwenye kichupa, kiasi cha punje ya dengu kinatosha.

Mimi mwanao.

*

Tarehe 19 Februari

Kwa fundi,

Nimechapa hukumu za mahakama miaka thelathini na mmoja. Nimeona mashahidi wa kila namna, walevi, waongo, hata mmoja aliyesinzia akiwa kizimbani. Sijawahi kuona shahidi anayeitwa vumbi.

Mlinzi wa mtaa huja kuomba maji, hukaa, huvuta. Mimi si mtu wa kumfukuza mgeni. Kama unataka kumfungulia mashtaka, andika jina lake.

Mtoto hamtumii baba yake uchafu ndani ya kopo. Huo ndio mwisho wa maneno yangu.

Mwenye kompyuta.

*

Tarehe 2 Machi

Binti yangu, mama yangu mdogo,

Marahaba. Hukuniamkia wiki hizi mbili maana hukuandika, lakini ile shikamoo ya mwisho sikuiitikia, basi naiitikia sasa.

Kopo lilikaa chini ya kitanda siku kumi. Wenye maombi walikasirika wakaenda kwa mchapaji mwingine. Juzi nikalitoa. Nilikaa kwenye ngazi ya uani na beseni, nikasugua nilivyoelekezwa. Maji ya kwanza yalitoka meusi. Ya pili kahawia. Ya tatu nikadhani yatakuwa safi, yakatoka ya manjano yenye utandu juu. Ulikuwa unatoka vipande, binti yangu, vipande kama makohozi yangu ya asubuhi, rangi hiyohiyo, na hapo ndipo nilipotapika. Nilitapika kando ya mfereji, mtu mzima, mswaki mkononi.

Mama mpangaji wa chumba cha pili alikuwa anaanika nguo. Akatazama beseni.

"Karani, chai yote hiyo unamwaga?"

"Si chai."

"Ni nini basi?"

"Ni mimi," nikasema.

Aliniangalia sana. Kisha akaenda kuhamisha kamba yake ya nguo.

Mlinzi havuti. Nimemsingizia, na wala hajui. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa kitandani na kupuliza ndani ya mashine, pakiti moja kwa siku mbili, nikijisifu kwa akili. Nilidhani moshi unapita tu, kama unavyopita kwangu. Sikujua kwamba mashine nayo ina pafu.

Pakiti iliyobaki nimeitupa chooni. Simu pia imepona, lakini usipige kwanza. Bado nakohoa vibaya na sitaki usikie.

Kesho ndiyo tarehe 3. Nimehesabu kwenye kalenda: wiki sita kamili mpaka tarehe 14 Aprili.

Baba yako.

*

Tarehe 5 Machi. Asubuhi manyunyu, yalikatika saa tatu.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara mbili. Sitasema nimefurahi, kwa sababu kucha zangu bado zina rangi. Lakini umesema.

Ndani ya bahasha kuna vipande sita vya pazia jeupe la nailoni. Nimevikata sawasawa na kuvipiga pasi, kila kimoja kina mkunjo mmoja katikati. Bandika kimoja mbele ya kasha, pale feni inapovuta hewa, kwa utepe wa karatasi pande nne. Kitazuia vumbi, na mashine itapumua. Kila baada ya wiki kibandue, unitumie, ubandike kingine. Niandikie pia joto la prosesa; nimekuelekeza nyuma ya karatasi hii pa kuliona.

Najua unachofikiri. Ndiyo, nakuchunguza. Ulininyima njia nyingine.

Mimi mwanao.

*

Tarehe 14 Machi

Binti yangu,

Marahaba, sijambo. Kitambaa cha kwanza hicho, cha kijivu, na manyoya ya paka asiye wangu. Joto ni nyuzi arobaini na nne, wakati zamani, kwa maelezo yako, lilikuwa linafika tisini na kitu ndipo mashine inazima. Nimechapa kurasa kumi na moja bila kusimama. Kila nikiitazama ile nailoni najihisi mtoto aliyefungwa shingoni kitambaa cha kuzuia mate. Usiku nimetafuna karafuu mpaka ulimi umekufa ganzi.

Baba yako.

*

Tarehe 21 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Cha pili. Kijivu tena, na mbu mmoja, marehemu. Nyuzi arobaini na tatu. Wenye maombi wamerudi, wanasema yule mchapaji mwingine hajui pa kuweka nukta. Hospitali wamenipa fomu ya kusaini, nitaisoma kesho.

Baba yako.

*

Tarehe 28 Machi

Binti yangu mpenzi,

Marahaba sana! Mimi buheri wa afya. Cha tatu hicho, jionee mwenyewe kilivyo, theluji haioni ndani. Nadhani hewa ya mtaa wetu imetakata baada ya mvua. Joto zuri, mashine nzuri, kila kitu kizuri. Usijisumbue kuja mapema, kazi ni nyingi huko.

Baba yako akupendaye.

*

Tarehe 31 Machi. Asubuhi joto, hewa imesimama. Juzi na jana usingizi wa vipande.

Baba,

Shikamoo.

Kitambaa cha wiki hii kimenichefua kuliko kile kitana.

Hakuna chumba duniani kinachotoa kitambaa cheupe kwa wiki nzima. Nimesafisha kompyuta ya chumba cha upasuaji. Hata hiyo ilikuwa na vumbi. Chako hakina chembe, hakina unywele, hakina alama ya utepe pembeni. Kina kitu kimoja tu, Baba: mkunjo wa pasi, katikati, kama nilivyoupiga mwenyewe. Hakijawahi kubandikwa popote.

Ule ute niliweza kuuosha. Hiki nakioshaje?

Nimeshika simu mara tatu nimpigie daktari. Nimeirudisha mezani mara tatu. Atakayelala juu ya kitanda kile ni wewe, na atakayepewa dawa ya usingizi ni wewe. Mimi nikimwambia, utapona kwa kushtakiwa. Nisipomwambia, labda hutaamka. Sitaki kuwa hakimu wako wala sitaki kukuzika. Mwambie mwenyewe. Una siku kumi na nne.

Sitaandika tena mpaka nipate kitambaa cha kweli.

Mwanao.

*

Tarehe 7 Aprili

Binti yangu, mama yangu mdogo,

Sina haki ya shikamoo, lakini naomba uniamkie.

Ndani ya bahasha kuna kitambaa chenyewe, cha wiki ya tarehe 21 mpaka 28 Machi. Nilikuwa nimekificha ndani ya godoro. Kinuse, usikihurumie.

Ilikuwa ile fomu. Daktari alinisomea haraka, nikaitikia kwa kichwa, lakini nilipokaa nayo nyumbani nikaisoma kama nilivyozoea kusoma nyaraka, neno kwa neno. Mstari wa saba: "Nimeelezwa na kuelewa kwamba matokeo yanaweza kuwa ni pamoja na kifo." Nimechapa mistari ya namna hiyo maisha yangu yote, mwanangu, nikiwapa watu wengine kalamu. "Saini hapa," nilikuwa nawaambia, "ni utaratibu tu." Mara hii kalamu ilikuwa yangu. Nikaiweka chini, nikaenda dukani.

Sigara tisa kwa siku mbili. Nilizivuta palepale kitandani na kupulizia palepale, juu ya nailoni yako. Sijui kwa nini sikuibandua. Nadhani nilitaka ione. Kisha nilipoona duara la kahawia limejichora, nilijichukia hata mate yakanijaa mdomoni, na bado nikafanya ujanja wa kitoto.

Jana nimekwenda kwa daktari. Nilipeleka kitambaa hicho badala ya maelezo. Alikinusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Mzee, hiki ni nini?"

"Ni ushahidi."

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi ya mtu atakayelala mezani kwako tarehe 14."

Akavua miwani, akafuta tarehe. Amesema hatahesabu kuanzia siku ninayodai niliacha, bali siku niliyosema kweli. Wiki sita kuanzia jana. Tarehe mpya ni 18 Mei. Kivimbe kinaweza kungoja, anasema, lakini uongo hauwezi. Fomu nimemrudishia bila saini. Nitaisaini ukiwa umekaa karibu.

Kitambaa cha wiki iliyofuata ni cha kijivu, nacho nimekitia humo. Joto arobaini na tatu.

Unaweza kupiga simu. Utasikia nakohoa. Ndivyo kifua changu kilivyo kwa sasa.

Baba yako.

*

Tarehe 10 Aprili. Asubuhi baridi kidogo, mbingu safi.

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Kinanuka. Nilikifungua uani, siyo mezani, na bado jirani yangu wa meza ya simu alipita akaziba pua: "Shetani amerudi saluni?" Nikamwambia safari hii amejileta mwenyewe. Hakuelewa, akaenda zake.

Nimekitazama sana. Ni kichafu, Baba. Duara lake lina rangi ya meno yaliyooza, na katikati kuna alama ndogo yenye unyevu, nadhani ni mate. Nilikuwa nimeshika kiberiti nikichome. Kisha nikaona pembeni alama za utepe, pande nne, na unywele mmoja wa paka, na mkunjo wangu wa pasi ukiwa umefutika kabisa. Nikarudisha kiberiti mfukoni. Kile cheupe ndicho nilichokichoma.

Hiki nimekitia kwenye lile kopo la maziwa nikafunga kifuniko. Sitaki kukinusa tena, wala sitaki kukitupa.

Nakutumia vipande vingine sita, vinakutosha mpaka 18 Mei. Safari hii sikuvipiga pasi. Tarehe 16 Mei nitakuwa hapo, na kalamu nitakuja nayo mimi.

Jana jioni nilikupigia, ukapokea. Tuliongea dakika kumi na tisa. Katika hizo ulikohoa mara kumi na nne, nimeandika. Mara ya nane ulitaka kuficha, ukaweka simu pembeni. Usiiweke pembeni.

Barua hii nimeianza jana na kuimalizia leo tarehe 11, kwa sababu jana baada ya simu nilijilaza tu nipumzishe mgongo, na viatu mguuni, nikapitiwa. Nimekwisha kuandika kwenye shajara: Baba alivuta, amesema. Nimelala tangu saa mbili kasoro dakika tano usiku mpaka asubuhi.

Mimi mwanao.